Uchovu Usioleta Usingizi

 Leo nazungumza na walio vyuoni, na wazazi wao pia kama mko karibu na redio, maana wakati wa mitihani zile simu za "mama, usingizi hauji" ninyi ndio mnaozipokea.

Kuna uchovu unaoleta usingizi, na kuna uchovu unaoufukuza. Mbeba mizigo wa Kariakoo aliyeshinda akishusha magunia habembelezwi. Akijinyoosha tu, keshalala. Sasa mchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jioni naye atakwambia amechoka hoi, na hasemi uongo. Lakini itazame siku yake. Asubuhi kapanda daladala kutoka Mabibo. Kipindi cha kwanza Yombo, kakaa. Maktaba, kakaa. Mchana kala chipsi mayai, kakaa. Jioni kajilaza kitandani na slaidi za mwalimu kwenye simu, shingo kaikunja. Kilichochoka hapo ni macho, shingo na kichwa. Miguu haijaulizwa kitu tangu asubuhi. Ikifika saa sita usiku anazima taa, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kazi upya: testi ya Jumatano, bumu, yaani hela ya mkopo, halijaingia, ada ya mdogo wake, na yule aliyeusoma ujumbe tangu saa kumi akanyamaza.

Na huyo huyo, kama alipitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, baada ya kidato cha sita, anajua kulala kwa namna nyingine. Tangu mpango wa vijana wa mujibu wa sheria urudishwe mwaka 2013, maelfu wamepita Ruvu, Makutupora, Mlale, Oljoro na kambi nyingine. Waulize walilalaje kule. Mchakamchaka kabla ya jua, kwata, jembe, kwata tena. Usiku ukifika, bweni zima usingizi wa pono. Miezi michache baadaye kijana huyo huyo yuko chuoni, anageukageuka kitandani hadi saa nane.

Sitaki nionekane naipamba kambi. Kule saa ya kulala si hiari, simu si ya kuchezea usiku kucha, na hakuna testi Jumatano. Kwa hiyo mazoezi hayastahili kupewa sifa yote. Ila yana sehemu yake kubwa, na sehemu hiyo inaelezeka.

Mwili hulala kwa kusukumwa na mambo mawili. La kwanza ni deni. Kadiri unavyokaa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya ubongoni, na ndiyo inayokuletea ule uzito wa kope. Kahawa na vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu havikuondolei deni hilo. Kafeini huziba tu mahali ambapo adenosini ilitakiwa itue, ubongo usiisikie. Kisha inakawia kutoka. Kwa watu wengi, baada ya saa tano hivi nusu yake bado imo mwilini. Aliyekunywa kopo lake saa nne usiku ili akeshe akisoma, saa tisa bado ana nusu kopo ndani. Halafu anashangaa dari linamtazama.

La pili ni saa ya mwili, ambayo hupangwa zaidi na mwanga wa jua machoni, hasa wa asubuhi. Sisi tulio karibu na Ikweta tumejaliwa jua linalochomoza karibu muda ule ule mwaka mzima. Anayeamka akatoka nje kukimbia au kutembea saa kumi na mbili na nusu anapata yote mawili kwa mpigo: mwili unafanya kazi, na ile saa ya ndani inapewa habari kwamba mchana umeanza. Anayefungua macho saa nne asubuhi ndani ya chumba chenye pazia zito, mwili wake haujui kama ni Dar es Salaam au ni safarini kwenda ng'ambo.

Mazoezi ya mara kwa mara huongeza kidogo ile sehemu ya usingizi mzito, hufupisha kidogo muda wa kuusubiri, na kwa ujumla huufanya usingizi uwe wa kueleweka. Narudia hilo neno kidogo, maana wauzaji wa mazoezi hawalitaji. Na hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Anakimbia Jumatatu, amevaa raba mpya, amejipiga picha. Jumatatu hiyo hiyo usiku anategemea alale kama mtoto. Halali. Jumanne anatangaza kwamba mazoezi ni hadithi tu.

Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani, wakiongozwa na Kelly Glazer Baron, walichapisha ufuatiliaji wao wa wanawake 11 wenye tatizo la kukosa usingizi ambao walikuwa wamewekwa kwenye mazoezi. Ni watu wachache, na umri wao ni wa kuwa bibi wa mwanafunzi wetu, lakini walichokiona kinafaa kusikilizwa. Siku mtu alipofanya mazoezi, usiku wake haukuwa bora kwa sababu ya mazoezi yale. Faida ilijitokeza baada ya miezi, kama minne hivi. Ila upande wa pili ulikuwa wa papo kwa papo: aliyelala vibaya usiku, kesho yake alifanya mazoezi kwa muda mfupi zaidi. Mazoezi huujenga usingizi polepole, na usingizi mbovu huyabomoa mazoezi siku inayofuata. Ndiyo maana nikimsikia mtu anamwita mwanafunzi mvivu kwa sababu haamki kukimbia, huwa nauliza kwanza alilala saa ngapi.

Kuna kisa kingine ambacho kinahusu wanafunzi hasa, na nakipenda kwa sababu kiliwaendea watafiti wenyewe kombo. Profesa Jeffrey Grossman alikuwa akifundisha kemia katika chuo cha teknolojia cha MIT, karibu na Boston. Alitaka kujua kama mazoezi yanapandisha maksi. Wanafunzi wapatao 100 wa darasa lake walivishwa zile saa za mkononi zinazohesabu hatua na kupima usingizi, wakakaa nazo muhula mzima. Mwisho wa muhula wakalinganisha takwimu na matokeo. Kati ya mazoezi na maksi hawakuona uhusiano wowote. Ila walipoutazama usingizi, ambao haukuwa shabaha yao ya kwanza, jambo lilikuwa wazi: urefu wake, ubora wake na kutobadilikabadilika kwake kwa pamoja vilikwenda sambamba na karibu robo ya tofauti za maksi darasani. Utafiti ulichapishwa mwaka 2019, jina la kwanza likiwa la Kana Okano.

Mambo mawili ndani ya utafiti ule ningependa yabandikwe kwenye mlango wa kila bweni. Kulala vizuri usiku mmoja, ule wa kuamkia mtihani, hakukuonyesha msaada. Kilichoonekana kuwa na uzito ni usingizi wa siku na wiki za nyuma, wakati mada zinafundishwa. Na waliokuwa wakiingia kitandani baada ya saa nane usiku walifanya vibaya zaidi hata pale jumla ya saa walizolala ilipokuwa sawa na ya wenzao.

Mtu wa michezo akisikia hivyo anaweza kusononeka. Mimi hapana. Sioni kwa nini tuyatwike mazoezi mzigo wa kuleta alama A. Yakinisaidia kulala na kuamka bila kisirani, yametimiza yangu. Maksi zitajua zenyewe pa kupita. Hiyo ni hesabu yangu, si ya akina Grossman.

Tuje kwenye hicho kisirani, maana hali ya moyo ndiyo inayoonekana upesi kuliko usingizi. Watu wengi wakitembea kwa haraka nusu saa hurudi wakiwa wepesi wa moyo siku hiyo hiyo. Tulizoea kuambiwa ni endorfini, kemikali ya mwili inayofanana na dawa za kutuliza maumivu. Siku hizi wataalamu wanasita kidogo, kwa sababu endorfini inayoelea kwenye damu haipenyi kirahisi kuingia ubongoni. Mwaka 2015 watafiti wa Ujerumani waliokuwa wakiwachunguza panya wanaokimbia kwenye gurudumu walielekeza kidole kwa kundi jingine la kemikali, ambazo mwili unazitengeneza wenyewe na ni jamaa wa karibu wa kile kilichomo kwenye bangi. Ndiyo, umesikia vizuri. Hii ya kwenu inatengenezwa ndani, haina kesi polisi.

Kwa masafa marefu, ushahidi nao upo. Mwaka 1999 James Blumenthal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke walichapisha matokeo ya watu 156 wenye ugonjwa wa sonona, wote wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilipewa dawa, jingine likafanya mazoezi mara tatu kwa wiki chini ya usimamizi, la tatu likapewa vyote. Dawa ilianza kusaidia mapema zaidi, lakini baada ya wiki 16 makundi yote yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Na Norwei, watu karibu 34,000 walifuatiliwa kwa miaka 11. Watafiti walikadiria kwamba kama kila mmoja angefanya japo saa moja ya mazoezi kwa wiki, asilimia 12 hivi ya visa vipya vya sonona vingeepukika. Saa moja kwa wiki, msikilizaji, na hata ya mwendo wa taratibu. Kwa upande wa wasiwasi, Wanorwei hao hao hawakuiona kinga hiyo, kwa hiyo tusiongeze chumvi.

Na hapa nataka nitulie kidogo. Kuna mwanafunzi ambaye tatizo lake limevuka mpaka wa kununa na msongo wa mawazo. Wiki ya tatu hatoki chumbani, hali, haogi, anasema afadhali asingezaliwa. Huyo usimwambie "toka ukakimbie". Hana hata nguvu ya kufunga kamba za viatu, na ukimwambia hivyo unamwongezea kosa la kujilaumu. Mshike mkono umpeleke kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, leo, usingoje mitihani iishe. Mazoezi yatakuja baadaye, pamoja na tiba.

Nadhani kuna kitu kimoja vipimo vya maabara vinakidharau, nacho ni kutoka pamoja na watu. Jumamosi alfajiri pita Temeke, Mbagala au Manzese ukutane na vikundi vya jogging. Kwanza unasikia filimbi. Kisha mtu wa mbele na kitambaa chekundu, anasimamisha magari kwa mamlaka ambayo hakuna aliyempa. Nyuma yake safu mbili mbili za watu waliovaa tisheti za rangi moja zilizoandikwa jina la kikundi: fundi gereji, mama muuza vitumbua, mwalimu mstaafu mwenye kitambi, vijana wanaorukaruka pembeni kwa nguvu zilizowazidi. Kiongozi anatupa mstari, wengine wanaudaka, miguu inapiga lami kwa mapigo ya wimbo. Ni mchakamchaka ule ule wa shule ya msingi, isipokuwa huku hakuna fimbo. Wakimaliza wananyoosha viungo, wanasomeana matangazo, nani anauguliwa, nani amefiwa, mchango wa harusi umefika wapi. Kisha supu. Kijana aliyetoka Bukombe au Newala, hana ndugu mjini, akijiunga na kundi la namna hiyo anapata zaidi ya mapafu: asipotokea wiki mbili, kuna mtu atamtafuta.

Tena kundi linajibu swali ambalo sisi wanaume hatulikumbuki hadi tuambiwe. Binti kukimbia peke yake saa kumi na moja alfajiri kwenye barabara yenye vichaka, hilo si zoezi, ni bahati nasibu. Wakiwa kumi na mtu wa filimbi, habari inabadilika. Vyuo vinavyosema wasichana hawapendi michezo vianze kwa kuhesabu taa zinazowaka kwenye njia zao.

Na tuseme yote. Chuoni kuna kubebana, msikilizaji, yaani kitanda kimoja cha chini ya mita moja upana, watu wawili, mmoja halali na mwenzake halali pia, neno lichukue maana zote mbili utakazo. Februari chumba kina joto la kukausha nguo, feni ni moja, na jirani ana spika. Mazoezi hayapanui kitanda. Wala hayashibishi: bumu likichelewa na mtu anakula mlo mmoja kwa siku, kumwambia akimbie kilomita tano ni kumkosea adabu. Huyo atembee, basi, na anywe maji.

Kwa aliyeshiba na mwenye afya, kiasi chenyewe hakitishi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, au 75 hadi 150 za kutoa jasho hasa, na siku mbili za kuitumikisha misuli. Ukishuka daladala Mwenge au Ubungo ukaupanda mlima wa chuo kwa miguu, unakuwa umeshaanza kuzihesabu. Pushapu hazilipiwi kiingilio.

Wengine wanaogopa mazoezi ya usiku, kwamba yanafukuza usingizi. Hofu hiyo imezidi. Watafiti wa Zurich, Uswisi, walikusanya tafiti 23 na mwaka 2019 wakasema mazoezi ya jioni kwa kawaida hayaharibu usingizi. Yenye matata ni yale makali yanayomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala, mwili ukiwa bado unachemka na moyo bado unadunda. Mechi ya saa mbili usiku kwa mtu anayelala saa tano haina ubaya.

Niwaongezee na la nyumbani. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi walikuwa miongoni mwa jamii tatu zilizopimwa usingizi na Jerome Siegel wa California na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 2015. Wenzao walikuwa Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Walikuwa wakiishi bila umeme, wakitembea sana kutafuta chakula, na ungetegemea walale kwa muda wa saa kumi. Wastani wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, na wala hawalali jua linapozama. Hukaa saa tatu na ushei kwanza. Ila wanaolalamika kukosa usingizi ni wachache mno. Usichukue hilo kuwa ruhusa ya kulala kwa saa tano tu, kwa vijana wa vyuoni wataalamu bado wanasema saba hadi tisa. Mimi nilichoondoka nacho ni kwamba wanalala na kuamka kwa mpangilio, na hakuna siku ya kukaa kutwa.

Sasa tuje kwenye wiki ya UE, mitihani ya mwisho wa muhula, maana ndiyo inayoharibu kila kitu. Kinachotupwa kwanza ni mpira wa jioni, cha pili ni usingizi, na vyote viwili vinatupwa na mtu yule yule anayelalamika siku ya tatu kwamba anasoma ukurasa mmoja mara nne. Punguza kama huna budi. Badala ya saa moja fanya dakika 20, lakini usiache, na usianze jambo jipya pia: ambaye hajakimbia tangu JKT, usiku wa kuamkia mtihani si wakati wa kwenda kukaza misuli halafu ukashindwa kukaa kwenye kiti.

Nasikia tayari mtu anasema, dakika 20 za kutembea ni dakika 20 za kusoma zilizopotea. Si lazima. Kile kikundi chenu cha diskasheni kinachokaa saa tatu mfululizo kwenye ile meza ya zege, kiinueni. Watu watatu, mmoja anauliza, wawili wanajibu, mnazunguka kuanzia mabwenini hadi Utawala na kurudi. Watafiti wa Stanford walipima jambo hili mwaka 2014, wakaona wanaotembea huzaa mawazo mengi zaidi kuliko waliokaa. Kwa maswali yenye jibu moja tu, kutembea hakukusaidia. Kwa hiyo sheria, historia, sosholojia, maswali ya "jadili" yote, nendeni nayo barabarani. Hesabu zenyewe bakini nazo mezani.